Vikombe vya Uzi Mwekundu

Msimamizi wa kambi alituagiza kila mtu awe na kikombe chake na akitie alama. Ilikuwa wakati wa korona. Tulikuwa tunajenga barabara huko Singida, kwenye upepo unaotia mchanga hata ndani ya sufuria iliyofunikwa, na mimi ndiye niliyekuwa mpishi wa kambi. Wanaume walitumia rangi ya kuchorea mistari ya barabarani. Mmoja alichora mpira, mwingine akaandika jina la mkewe, wakamtania mpaka akalifuta. Mimi nilichomoa uzi mwekundu kwenye pindo la kanga, nikauzungusha kwenye mkono wa kikombe changu cha bati, nikapiga fundo na kukata ncha kwa meno. Nilipokiweka mezani ndipo nilipoona mikono yangu imefanya nini.

"Mpishi, chai inamwagika," dereva wa katapila aliniambia.

"Naiona."

"Unaiona, halafu?"

Niliinua birika. Asubuhi ile mdogo wangu Hadija alikuwa amenipigia simu kutoka nyumbani, Kwai, kule juu Lushoto. Alikuwa na saratani ya titi na alishaanza matibabu Dar es Salaam. Sasa alitaka kuniambia, kwa sauti ya mtu anayeahirisha kwenda harusini, kwamba safari hii hatakwenda. Atasubiri korona ipite kwanza. Hospitali, alisema, ndiko iliko. Nilimuuliza kama saratani nayo imekubali kusubiri. Akakata simu.

Wenzangu wa rika langu wameshatulia. Wana miti waliyoipanda wenyewe na sasa wanakaa kivulini mwake. Mimi nimefuata kambi za barabara kutoka mkoa mmoja hadi mwingine, na kila barabara ikikamilika nahama kabla sijapita juu yake na gari la maana. Bibi yangu aliniita Kiguu na Njia tangu sijaota meno ya pili. Lakini anayehamahama hubeba kwao kila aendako, na mimi nikifungua mzigo wangu, kitu cha kwanza kutoka ni vikombe.

Vilikuwa vya bati, vya buluu, vyenye ukingo mweusi na kutu pale vilipobanduka. Vilining'inia kwenye misumari jikoni kwetu, na chai iliyonywewa humo ilikuwa na ladha ya moshi wa kuni za miwati hata ukiongeza maziwa. Nyumba ilikaa juu ya mteremko. Asubuhi ukungu ulijaa bondeni mpaka kabichi za jirani zikapotea, kisha zikarudi moja moja kama watu wanaochelewa mkutanoni. Baba alifanya kazi Tanga na tulimwona sikukuu. Nyumbani tulikuwa wanawake tupu: Bibi, ambaye ndiye mama yake Baba, Mama, na Hadija mgongoni mwake, na mimi. Kisha akaja Shangazi.

Shangazi Zaina, dada yake Baba, alikuwa fundi cherehani Korogwe. Zamani akija alitanguliwa na kicheko, halafu biskuti, halafu yeye mwenyewe. Safari hii alikuja na sanduku la nyuzi bila cherehani. Alikuwa amekonda, mkono mmoja umevimba, na chini ya gauni upande mmoja wa kifua ulikuwa umelala bapa. Mumewe, dereva wa lori, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Lori lilipinduka naye kwenye kona. Lakini ilikuwa ile miaka ambayo ukimwi ulikuwa umeingia vijijini, na hakuna aliyekuwa na muda wa kusikiliza habari za kona. Mjane wa dereva, kakonda, karudi kwao. Watu walikuwa wamemaliza kesi kabla hajashusha sanduku.

Na ukweli ulikuwa rahisi. Aliusema mwenyewe, kwa sauti, mbele ya kila aliyekuja kumpa pole. Alikuwa na saratani. Hospitali ya mkoa walimkata titi. Kidonda kikifunga ilibidi aende Dar es Salaam akachomwe mionzi, majuma kadhaa mfululizo, na asichelewe. Daktari alilirudia neno hilo, asichelewe, naye Shangazi akalirudia kwetu. Wageni walimsikiliza, wakatikisa vichwa, wakasema, "Pole sana mwanetu." Nikiwasindikiza mpaka kwenye ua niliwasikia.

"Saratani."

"Ndivyo wanavyosema siku hizi."

"Kakanyaga waya yule. Mwone tu."

Basi mimi, nisiyejua kwamba ndivyo walivyoutaja ukimwi, nikajua ukweli wa mambo. Waya nilizijua. Niliziona nilipokwenda mjini Lushoto na Mama, zimelala juu ya nguzo, na nilionywa kwamba ikianguka hata moja usiisogelee. Bila shaka Korogwe ilianguka mojawapo na Shangazi akaikanyaga. Kila kitu kilikaa mahali pake. Mkono ulivimba kwa sababu umeme ulipitia hapo. Kifua kiliungua. Na tiba yake ilikuwa mionzi, ambayo nilimuuliza ni kitu gani, akanijibu, "Ni kama mwanga, ila huuoni. Unakuchoma ndani na hakuna moto." Ningetaka ushahidi gani zaidi?

Nilianza kutembea kwa kuinua miguu. Siku moja Mama alinituma nikaanike nguo, akarudi akazikuta zote zimetandazwa juu ya majani, nyingine zimeshakanyagwa na mbuzi.

"Kamba ya kuanikia huioni?"

"Si kamba, Mama, ni waya. Itaninasa kama ilivyomnasa Shangazi."

Mama alinitazama hivi kwamba nikajiandaa kukimbia. Lakini aliketi pale pale kwenye majani, kwenye nguo mbichi. "Nani kakwambia?"

"Wale waliokuja kumpa pole."

Dirishani nikasikia Shangazi anacheka. Alicheka akishika kifua chake, akisema, "Wifi, usinichekeshe, mshono utaachia," na Mama hakuwa anacheka hata kidogo.

Kwa miaka mingi nimekuwa nikijaribu kuwakasirikia watu wale kwa utaratibu, mmoja baada ya mwingine, na nashindwa, kwa sababu hakuna hata mmoja aliyekuwa mkorofi. Wangekuwa wakorofi ningepumzika. Walikuwa majirani wema, waliotuletea viazi na maharagwe, wakaviacha nje ya mlango.

Bibi naye hakuwa mkorofi. Alimzaa Shangazi, alimlilia, alimkorogea uji wa ulezi kila asubuhi. Lakini alikwenda msibani Mlola, akarudi na maarifa. Huko walimwambia kwamba ugonjwa ule unapitia kwenye kikombe, na kwamba nyumba yenye watoto haitakiwi kuzembea. Alinikuta uani.

"Kaniletee uzi kwenye sanduku la shangazi yako. Mwekundu."

Nilimkuta Shangazi amelala chali akitazama dari.

"Wa nini?" aliuliza.

"Wa Bibi. Anataka kufunga kikombe chako."

Alijiinua, akatafuta mwenyewe sandukuni. Alipima rangi mbili dirishani, akanipa moja. "Mwambie huu ni mzuri, hauchuji ukioshwa."

Bibi aliufunga kwenye mkono wa kikombe, akakitundika peke yake kwenye msumari wa mwisho, karibu na mlango.

Sasa, kwetu uzi mwekundu ulikuwa na maana moja tu. Kuku wa majirani wote walizurura pamoja, na mwenye kuku mzuri alimfunga mguuni uzi mwekundu ili asije akapotea au akadaiwa na mtu mwingine. Bibi alimfunga yule mtetea wake mkubwa peke yake, wale wengine waende walikopenda. Kwa hiyo nilipoona kikombe cha Shangazi kimefungwa nilielewa kwamba katika vitu vyote vya jikoni mle, hicho ndicho Bibi hataki kipotee. Nilimwonea Shangazi wivu.

Mama alielewa vingine. Lakini kwetu mama mkwe hajibiwi, kwa hiyo Mama alifanya kama wanavyofanya wake wote wa Kwai, alizungumza na kuku. Aliwamwagia mahindi mbele ya jiko, Bibi akiwa ndani, akasema kwa sauti ya kutosha, "Kula, mtetea wangu, kula. Una bahati wewe. Umefungwa uzi lakini bado unadonoa na wenzako sahani moja."

Ndani sufuria ilifunikwa kwa kishindo. Kisha sauti ya Bibi ikatoka, nayo ikiwaambia kuku. "Kuku hawana wajukuu wa kulinda."

Waliendelea hivyo siku nyingi. Wale kuku walisikia mengi.

Mama alipoishiwa kuku alimvamia Shangazi mwenyewe. Walikuwa wanachambua maharagwe, mimi nikimbembeleza Hadija.

"Wifi, si walikupima kule Tanga? Si walikuambia huna? Kwa nini usiwaambie hao?"

"Walinipima."

"Basi sema. Simama sokoni useme."

Shangazi aliokota jiwe kwenye maharagwe akalitupa. "Nikisimama sokoni nikasema mimi sina, nipeni kikombe kama wengine, yule mwenye nao atakunywa kwenye nini?"

"Mimi simsemei huyo. Nakusemea wewe."

"Najua, wifi. Ndiyo maana nakuambia."

Mama alichukia jibu lile mpaka mwisho wa maisha ya Shangazi, na nadhani mpaka leo. Nami sijui nimpe nani haki. Najua tu kwamba walikuwa wanabishana juu ya kikombe wakati kuna ugonjwa mwingine ndani ya nyumba, ule wa kweli, na huo ulikuwa unafanya kazi yake kimya bila kusumbuliwa na mtu.

Kidonda kilipaswa kusafishwa zahanati. Nilikwenda naye, nikibeba beseni, kwa sababu mkono wake haukuweza. Nesi alitusalimia kutoka mlangoni, akabaki mlangoni.

"Glovu zimekwisha," alisema.

"Juzi ulisema njoo leo."

"Leo ndiyo zimekwisha."

Aliweka bandeji na chupa ya dawa kwenye ncha ya benchi, kisha akaisukuma benchi kwa mguu mpaka ikatufikia. "Jifunge mwenyewe, dada. Mikono si unayo."

"Ninao mmoja," Shangazi alisema.

Nilishika ncha ya bandeji, yeye akajizungusha polepole kama mtu anayejaribu nguo mpya, na nesi akatazama miti nje. Harufu ya ile dawa ninayo puani hadi leo. Walipotuletea ndoo za maji ya dawa kambini wakati wa korona, tunawe kabla ya kuingia, nilirudishwa kwenye benchi ile bila kuombwa. Baadaye nimejifunza kwamba nesi alikuwa peke yake, glovu kweli hazikuwepo, na mwenzake alikuwa ameacha kazi kwa hofu. Najua. Kujua hakunipunguzii kitu. Shangazi alijizungusha.

Hata hivyo kidonda kilifunga. Ikawa sasa ni safari. Baba mkubwa, mtoto wa kwanza wa Bibi, alikuwa na nyumba Dar es Salaam, na ilikuwa imekubaliwa tangu mwanzo kwamba Shangazi atakaa kwake kipindi chote cha mionzi. Bila mahali pa kulala hakukuwa na mionzi, kwa kuwa hakuna mtu wa Kwai anayeweza kulala gesti wiki baada ya wiki. Tulimtuma mzee aliyepeleka kabichi Dar akamwambie ndugu yetu kwamba mgonjwa yuko tayari. Mzee alirudi, akakataa kuketi, akazungusha kofia yake mikononi.

"Anasema nyumba imejaa."

"Imejaa nini?" Bibi aliuliza.

"Watu, nafikiri. Anasema tusubiri hali itulie. Ana watoto wadogo."

Mama alitoka nje kwa kuku. "Imejaa," aliwaambia. "Sikukuu iliyopita alikuwa anatafuta mpangaji wa chumba cha uani."

Tulituma tena. Nyumba ilikuwa bado imejaa. Tulituma kwa mtu mwingine, nyumba ikawa imejaa zaidi. Masika yakaisha. Shangazi alikuwa amefunga sanduku lake na kuliweka karibu na kitanda, na kila mzee wa kabichi alipopita alikaa wima. Kisha akawa hakai tena. Siku moja nilimwona anajipapasa chini ya kwapa, anatoa mkono, anaurudisha palepale, kama mtu anayepekua mfuko akitumaini kitu alichokigusa hakimo.

Ni katika siku hizo nilipochoka na wivu wangu. Watu wazima walikuwa shambani, Shangazi amelala. Nilichukua uzi ule ule mwekundu sandukuni, nikashusha vikombe vyote kwenye misumari, nikavifunga kimoja kimoja. Cha Bibi, cha Mama, changu, hata kile kidogo cha Hadija ambacho hakuwa anajua kukishika. Niliiga fundo la Bibi. Nilivitundika, nikasimama mlangoni kuvitazama, na nikaona jinsi tulivyokuwa familia nzuri, hakuna ambaye angepotea.

Mama alirudi wa kwanza. Aliingia kuwasha moto, nikamsikia amesimama. Alinitazama, akatazama vikombe. Aliuliza kwa sauti ya chini, "Nani kafanya?"

"Mimi. Ili wote tusipotee."

Alitua kuni chini. Alinyoosha mkono, akatoa kile cha msumari wa mwisho akakiweka katikati, cha katikati akakiweka mwisho, akaendelea kuvihamisha mpaka hata yeye, nina hakika, hakujua tena kipi ni kipi. Kisha akanifukuza nikachote maji.

Jiko letu lilikuwa na moshi na giza hata mchana, na macho ya Bibi yalikuwa yameshaanza kufunga. Mama alimpa chai naye akainywa. Kesho yake akanywa tena. Tulikunywa chai hivyo siku kadhaa, na Mama akaacha kabisa kuzungumza na kuku.

Mvua ndogo ilipokatika Bibi alivitoa vikombe nje, avisugue kwa majivu juani. Nilikuwa karibu, nikicheza. Nilimwona anainua kimoja, anakisogeza machoni, anakiweka. Anainua kingine. Alivipanga vyote kwenye jiwe, akavitazama kwa muda.

"Wewe Kiguu na Njia. Njoo hapa. Huu uzi ni wa nani?"

Nilimweleza kila kitu, habari za mtetea, habari za kutopotea. Nilitegemea atafurahi. Bibi alikaa chini kama mtu aliyeondolewa kiti. Halafu akahamia Kishambaa, kwa kuwa alichokuwa nacho moyoni hakikuenea kwenye Kiswahili, na Mama akatoka mbio jikoni, na Shangazi akaja taratibu akishika ukuta.

"Tumekwisha," Bibi alisema alipokirudia Kiswahili. "Nyumba nzima. Siku zote hizi tumekunywa."

"Mama," Shangazi alisema, "mimi ni saratani."

"Nyamaza. Tumekwisha."

Bibi akaingia ndani kufa. Sielezi kwa mzaha, ndivyo alivyosema mwenyewe, anaingia ndani kufa. Alilala akitazama ukuta. Alimwita Mama akamwambia yule mtetea mkubwa apewe nani. Aliomba kanga yake mpya iwekwe karibu. Kila asubuhi aliizungusha bangili yake mkononi kuona kama imelegea, na kila asubuhi ilikuwa palepale, kwa kuwa hakuacha kula. Uji alikula, ugali alikula, viazi aliongeza. Mama alimpelekea chakula na kurudi jikoni amejifunga mdomo kwa ncha ya kanga, mabega yanatikisika.

Sijui alikaa hivyo muda gani. Kwa mtoto ilikuwa ndefu. Asubuhi moja alitoka, amevaa, akaenda moja kwa moja chumbani kwa binti yake, ambamo tangu msiba wa Mlola alikuwa akiishia mlangoni. Aliketi kitandani. Nilikuwa pale, nikimshikia Shangazi kioo.

"Onga makeo," Bibi alimwamkia kwa Kishambaa, kama watu waliokutana njiani.

"Onga makeo, mama."

"Kama nimeshaupata, nimeshaupata. Wataniogopesha na nini tena? Vua nguo nione."

Alimwona. Alipitisha vidole vyake, vyenye nyufa za udongo, juu ya kovu, kisha chini ya kwapa, vikasimama. Alivirudisha. Uvimbe ulikuwa hapo, mgumu, kama kokwa ya plamu chini ya ngozi.

"Hiki kipo tangu lini?"

"Tangu nyumba ijae," Shangazi alisema.

Bibi alimfunga vifungo vyote vya gauni kimoja kimoja kama alivyokuwa akinifunga mimi. Alipofika cha juu alisema, "Beba sanduku."

Waliteremka Mombo siku iliyofuata na kupanda basi la Dar. Mimi niliachwa, nikalia kwa hasira. Yaliyotokea huko niliyasikia kwa Bibi mwenyewe, aliyeyasimulia mara nyingi mpaka nikayajua kama niliyeyaona. Baba mkubwa alifungua mlango, akamwona mama yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimesikia nyumba imejaa, nimekuja kuwahesabu," Bibi alisema, akatandika mkeka wake sebuleni, katikati, pale ambapo kila mtu ilibidi auruke ili apite. Mke wa Baba mkubwa alileta chakula na sahani ya Shangazi pembeni, yenye rangi yake. Bibi alivuta ile sahani akala yeye. Siku ya pili aliivuta tena. Siku ya tatu waliletewa sinia moja.

Na hospitali, daktari alimpima Shangazi, akampapasa chini ya kwapa na shingoni, akavua miwani. Hakumtazama mgonjwa. Alimtazama Bibi.

"Mlikuwa wapi?" aliuliza.

Kila Bibi alipofika hapo kwenye masimulizi alisimama. Watu walidhani anapumzika. Kisha alisema, "Nikamjibu, mwanangu, tulikuwa tunaogopa. Akaniuliza, mnaogopa nini? Saratani? Nikamwambia hapana, hiyo tulisahau kuiogopa."

Walimchoma mionzi. Ilimtuliza maumivu, mkono ukapungua, akarudi Kwai na kicheko kilichofanana na kile cha zamani. Alishona kwa mkono mapazia ya jikoni. Alikula plamu za msimu ule na akatuambia ni tamu kuliko za mwaka jana, na za msimu uliofuata hakuzikuta. Alikufa mchana, Bibi amemshika kichwa. Vikombe vyote bado vilikuwa na uzi. Hakuna aliyewahi kuufungua na, kama alivyoahidi mwenyewe, haukuchuja.

Msibani watu waliuliza alikuwa anaumwa nini. Mama akasema saratani. Wakatikisa vichwa. "Ndiyo, ndiyo," wakasema, wakiinamisha macho, na mpaka kesho Kwai kuna wazee watakaokuambia habari za yule binti wa Korogwe aliyekanyaga waya.

Kwa hiyo siku ile ya simu ya Hadija nilimwomba msimamizi wa kambi ruhusa, nikamwachia dereva wa katapila mwiko, akaunguze atakavyo, nikapanda mabasi mpaka nyumbani.

Mama amezeeka. Alinisikia nikiingia uani akatoka na barakoa ya kitambaa cha kanga, akanyoosha mkono kama askari wa barabarani.

"Hapo hapo. Umepita stendi ngapi?"

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Nimekuuliza stendi ngapi. Mdogo wako ana dawa mwilini, mafua tu yanamwangusha. Utalala chumba cha nje. Kikombe chako hicho."

Kilikuwa kwenye ukuta wa baraza, cha bati, cha buluu. Mkononi pake kulikuwa na uzi mwekundu, mpya. Nilikitazama mpaka Mama akachoka.

"Unanitolea macho ya nini? Huu ni wa kumlinda yeye."

"Na ule wa Bibi ulikuwa wa kumlinda nani?"

Mama aliipandisha barakoa puani. Kisha akawageukia kuku. "Mnamsikia? Kaja kutoka Singida kunifundisha."

Kilichonikera zaidi ni kwamba safari hii alikuwa sahihi. Nilikunywa chai yangu barazani, kwenye baridi, ikiwa na ladha ile ile ya moshi, na Hadija akaja dirishani. Kitambaa kilifunika kichwa kisicho na nywele. Alikuwa amekonda kwa namna ninayoijua.

"Usinianzie," alisema. "Nitakwenda ikipita."

"Na usipokwenda sasa, ukija kwenda baadaye daktari atakuuliza mlikuwa wapi. Utamjibu nini?"

Alikuwa mgongoni mwa Mama wakati ule, hakumbuki hata sura ya Shangazi. Lakini masimulizi ya Bibi aliyakuta. Alikwaruza rangi ya dirisha kwa ukucha.

"Tutafikia wapi?" aliuliza mwishowe.

"Kwa kina Baba mkubwa. Mwanawe ndiye mwenye nyumba sasa."

"Nyumba imejaa," Hadija alisema, na tulicheka wote wawili, kila mmoja upande wake wa dirisha, mpaka Mama akauliza kuku kuna nini.

Asubuhi ukungu ulikuwa bado haujaachia bonde. Nilisimama uani na begi langu na kile kikombe cha barazani, nikiwa nimeshajiandaa kugombana, mlango ukafunguliwa. Hadija alitoka na barakoa usoni na sanduku dogo mkononi. Juu ya sanduku alikuwa amening'iniza kikombe cha bati, na kwenye mkono wa kikombe hicho kulikuwa na uzi mwekundu, fundo lile lile.

"Nimefunga na changu," alisema. "Wakituona stendi, wasijue mgonjwa ni yupi."

Nilimpokea sanduku. Tulianza kuteremka, yeye mbele, mimi hatua kadhaa nyuma kama Mama alivyoamuru, kila mmoja na kikombe chake.